Mfuko wa muhogo: Je, unaoza kweli?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017. Tanzania Bara ikafuata Juni 2019. Kisha Aprili 2024, mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, iliagiza kwamba taka za kuoza ziwekwe kwenye mifuko inayooza kwa asilimia 100. Lakini mfuko "unaooza" ni upi?

Mara nyingi jibu linaanzia shambani. Muhogo, mahindi na viazi vina wanga, na wanga ni chakula cha bakteria na kuvu walio kwenye udongo. Ndiyo maana viwanda huutumia kutengeneza plastiki inayooza.

Tatizo ni kwamba wanga peke yake hautoi mfuko imara. Tazama utando unaobaki kwenye sufuria ya uji: ukikauka unavunjika, ukilowa unalainika. Kwa hiyo wataalamu huupika wanga pamoja na maji kidogo na gliserini ili unyumbuke, kisha huuchanganya na plastiki nyingine ili usipasuke wala kunyonya maji.

Hapo ndipo penye siri yote: umechanganywa na nini?

Ukichanganywa na polietilini, yaani plastiki ya kawaida, vijidudu hula wanga na kuacha plastiki ikiwa vipande vidogo vidogo. Mifuko ya aina hiyo iliuzwa Ulaya na Marekani miaka ya 1980 kwa jina zuri la "inayooza". Ilikuwa ikisambaratika tu, na vipande vyake vikabaki kwenye udongo.

Ukichanganywa na PLA, plastiki inayotokana na sukari ya mimea iliyochachushwa, au na PBAT, ambayo kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli lakini vijidudu huweza kuimeng'enya, mfuko wote unaweza kuoza. Lakini kuna masharti. PLA huhitaji joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa, pamoja na unyevu. Joto hilo hupatikana kwenye mitambo ya mboji. Mfuko ukitupwa mtaroni au shambani, unaweza kukaa miaka.

Hata kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432, kinachotaka angalau asilimia 90 ya mfuko imeng'enywe ndani ya miezi 6, ni cha mboji ya kiwandani. Mboji ya nyumbani ina alama yake tofauti, na mifuko yake hupimwa katika joto la nyuzi 20 hadi 30 kwa hadi mwaka mmoja.

Kwa hiyo, msikilizaji, rangi ya kijani na picha ya jani si ushahidi. Muulize muuzaji mambo matatu: wanga umechanganywa na nini, mfuko unaozea wapi, na kwa muda gani? Akikosa jibu, uchukulie kama plastiki nyingine: usiuchimbie shambani wala usiuache ng'ombe au mbuzi wanapoufikia.

Wakulima wa muhogo wanaweza kunufaika soko hili likikua. Lakini sheria ikisema "unaooza" bila kutaja wapi na kwa muda gani, mabaki yatarudi kwenye mashamba yale yale yaliyotoa wanga.