Sheria Kali Zinamkamata Nani?

Mwaka 1994 Kenya ilijitungia sheria ya dawa za kulevya isiyo na mzaha. Aliyekutwa na bhangi ya kuvuta mwenyewe angeweza kufungwa miaka 10. Mlanguzi alipangiwa faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mzigo, na juu yake kifungo cha maisha. Kwa maandishi, biashara ya unga ilipaswa kufa palepale.

Haikufa. Mombasa, jina la ukoo wa Akasha liliendelea kutajwa katika biashara hiyo mwaka baada ya mwaka. Ndugu wawili wa ukoo huo, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani, wakapata dhamana, na shauri la kuwapeleka huko likaburutwa hadi Januari 2017 waliposafirishwa New York. Mbele ya mahakama ya huko walikiri makosa, na wakakiri pia kwamba walikuwa wakiwahonga maofisa wa Kenya. Baktash alihukumiwa miaka 25. Kifungo cha maisha kilikuwamo vitabuni nyumbani kwao muda wote huo, wala hakikuwagusa.

Sheria inamgusa teja, yaani mraibu wa unga. Huyu hana wakili wala wa kumdhamini. Anazolewa maskani jioni na kete moja mfukoni. Usiku, akiwa mahabusu, arosto inampanda: anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, jasho linamtoka huku akitetemeka kwa baridi. Kesho yake atakubali shtaka lolote alimradi yaishe. Polisi wamepata idadi ya kutangaza, mwanasiasa amepata hotuba. Pusha aliyemuuzia ana wateja wengine, na mzungu wa unga hana habari kama kuna mtu amekamatwa.

Marekani yenyewe ilikwisha kuonja dawa hii chungu. Mwaka 1973 Gavana Nelson Rockefeller wa New York alipitisha sheria iliyompa mtu aliyekutwa na wakia mbili za heroini kifungo kisichopungua miaka 15, na kinachoweza kufika maisha. Magereza yalijaa watu wadogo, wengi wao weusi na Walatino wa mitaa ya kimaskini. Jimbo hilo lilianza kulegeza kamba mwaka 2004, likailegeza zaidi 2009. Miaka zaidi ya 30 ya kujifunza jambo moja!

Dar es Salaam ilikuwa na somo lake karibu zaidi. Tangu 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inawapa waraibu wa heroini methadone. Mgonjwa hufika kila siku, hupimiwa dozi yake ya maji na kuinywa mbele ya mhudumu, kisha huenda kutafuta riziki. Ni kazi ya kimyakimya, haina king'ora. Lakini Februari 2017, Mkuu wa Mkoa Paul Makonda aliposoma mbele ya kamera majina ya watu walioshukiwa kuhusika na dawa za kulevya, nchi nzima ilisimama kusikiliza. Miongoni mwa waliotajwa alikuwamo kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Freeman Mbowe, ambaye hakushtakiwa kwa kosa hilo. Kutaja jina ni rahisi. Ushahidi ndio kazi. Na siku polisi wanapofanya msako, mgonjwa wa methadone hujiuliza mara mbili kama apite barabarani, na akikosa dozi, kete inamsubiri.

Hapana anayesema walanguzi waachwe. Wafuatwe, wafilisiwe, na maofisa wanaowalinda wachunguzwe mali zao. Lakini teja apelekwe kliniki, si korokoroni, na fedha za kumlisha gerezani zifungue vituo mikoani, ambako wengi hawana nauli ya kila siku ya kwenda mjini. Wapiga kura nao wasitosheke na ngumi inayopigwa mezani. Mbunge anayesimama kudai adhabu ziongezwe aulizwe papo hapo: jimboni kwake methadone inatolewa wapi, na ni mlanguzi gani mkubwa aliyewahi kufungwa kwa sheria iliyopo?