UBAYA HAUNA UPANDE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Waswahili husema mwamba ngozi huvutia kwake. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, lakini ni wachache wetu wanaokubali kwamba inatuhusu. Kila mmoja hudhani wanaovutia kwao ni wale wengine. Katika ukurasa huu nataka kuwaonyesha wenzangu jinsi methali hiyo inavyofanya kazi mahali ambapo hatukutarajia kuikuta, yaani katika mabishano ya mashabiki wa mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft.

Najua kuna mwalimu ambaye ameshakunja uso. "Ah, michezo tena!" Subira, mwalimu wangu. Sikuja kumpigia debe mtu yeyote akakeshe mbele ya kompyuta. Mchezo wenyewe hulipiwa kila mwezi, na wengi wetu hapa shuleni hatujawahi kuugusa. Hadithi zake tunazipata katika video za likizoni na kwa kusimuliana tukiwa kwenye foleni ya chakula. Lakini hebu wasikilize wanaozijua hadithi hizo wakianza kubishana. Mmoja anadai fulani alikuwa shujaa, mwingine anaapa alikuwa katili, na ugali unapoa mezani! Kinachofanyika pale ni uhakiki wa wahusika, ule ule tunaotahiniwa katika Karatasi ya Tatu. Tofauti ni kwamba pale hakuna anayelazimishwa.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa kifupi. Ulitolewa tarehe 23 Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, Marekani, ingawa hadithi zake zilianza katika mchezo wa kwanza wa Warcraft wa mwaka 1994. Wachezaji kutoka nchi mbalimbali huingia kwa pamoja, kupitia intaneti, katika ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth. Kufikia Oktoba 2010 waliokuwa wakiulipia walizidi milioni 12. Kila mchezaji hujitengenezea mhusika wake, na mapema kabisa humbidi achague upande. Upande wa kwanza ni Alliance, wenye binadamu, vijeba, waelfi wa usiku na wengineo. Wa pili ni Horde, wenye orki, troli, watu wenye vichwa vya fahali, na wafu waliofufuliwa kwa uchawi.

Sasa shika jambo hili. Watengenezaji walizitenga pande hizo mbili hata kwa lugha. Mtu wa Alliance akiandika neno, mtu wa Horde huona herufi zilizovurugwa tu, wala haambulii kitu. Kwa miaka mingi hawakuweza hata kuunda kikosi kimoja. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2022. Basi waliotaka kusemezana walilazimika kukutana nje ya mchezo, na huko ndiko mabishano yaliponoga.

Tuanze na Arthas, maana ndiye anayebishaniwa kuliko wote. Katika Warcraft III ya mwaka 2002, Arthas ni mwanamfalme wa Lordaeron, kijana mcha Mungu na mpenda raia. Tauni ikaingia nchini mwake kupitia nafaka. Aliyekula alikufa, kisha akafufuka akiwa mtumwa wa adui. Arthas alipofika mji wa Stratholme, aliwakuta watu wameshaipata ile nafaka. Akaamuru wachinjwe wote kabla hawajageuka. Mwalimu wake Uther akakataa, akafukuzwa. Jaina, mchumba wake wa zamani, akageuka akaenda zake. Arthas akaingia mjini na upanga.

Je, alikosea? Hapo ndipo watu hutoana jasho. Wanaomtetea husema wale watu walikuwa wamekwisha kufa ila hawajui, muda haukuwapo, na Uther alipinga bila kutoa njia nyingine. Wanaomlaumu husema hakuuliza, hakungoja, hakumsikiliza mkubwa wake, na kwamba mtu aliyezoea kuua raia "kwa faida yao" hataishia hapo. Na kweli hakuishia hapo. Alimfuata adui mpaka nchi ya barafu, akachukua upanga uliolaaniwa, akarudi nyumbani na kumuua baba yake mfalme katika kiti chake cha enzi.

Maoni yangu ni haya. Kesi ya Stratholme ni ngumu, na anayesema ni rahisi hajaifikiri. Lakini kuna kisa kidogo ambacho watu hukipita mbio. Huko kwenye barafu, askari wa Arthas walipoitwa warudi nyumbani, yeye aliwakodi mamluki wazichome merikebu ili asiweze kurudi mtu. Kisha akawasingizia wale wale mamluki mbele ya askari wake, nao wakauawa. Sasa pale kulikuwa na tauni gani? Hapakuwa na mji wa kuokoa wala dakika za kuhesabu. Ulikuwa uongo wa mtu anayetaka lake litimie tu. Ukitaka kumjua mtu, usimtazame katika saa ya msiba peke yake, maana msiba humpa kila mtu udhuru. Mtazame pale ambapo hakulazimishwa na chochote.

Arthas, hata hivyo, hatupi tabu kubwa, kwa sababu mwishowe alikuwa adui wa pande zote mbili. Mtihani wenyewe ni Sylvanas.

Sylvanas alikuwa jemadari wa waelfi aliyeutetea mji wake dhidi ya jeshi la Arthas mpaka akaanguka. Arthas hakumwacha apumzike. Aliiburuta roho yake, akaigeuza pepo wa kumtumikia. Alipojikomboa aliwakusanya wafu wenzake waliojikomboa, akawapa makao, wakajiunga na Horde. Nani asiyemwonea huruma mtu kama huyo? Mashabiki wa Horde walimpenda kupita kiasi, na mwaka 2016 akafanywa mkuu wa Horde nzima.

Kisha ukaja mwaka 2018. Sylvanas aliongoza vita dhidi ya waelfi wa usiku, na vita vilipokuwa vimekwisha kushindwa, akaamuru mti wao mkubwa wa Teldrassil uchomwe. Mti huo ulikuwa mji mzima. Ulichomwa ukiwa na watu ndani, na wengi hawakuwa askari.

Mashabiki wa Horde wakagawanyika. Wapo waliosema vita ni vita. Wapo waliosema Alliance nao wangefanya vivyo hivyo wangepata nafasi. Wapo waliosema makosa ni ya waandishi wa hadithi, malkia wao hana hatia. Lakini wapo pia, tena wengi, waliosimama wakasema: hii siyo Horde tuliyojiunga nayo. Mimi hawa ninawavulia kofia. Kumlaumu adui ni kazi nyepesi, hata mtoto wa chekechea anaiweza. Kumwambia mkubwa wa upande wako "hapa umeua" kunahitaji moyo.

Ndani ya hadithi, mwenye moyo huo alikuwa Saurfang, orki mzee wa vita. Tena hakuwa msafi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeipanga vita ile pamoja na Sylvanas. Moto ulipowaka ndipo alipojitenga. Watengenezaji wakawaacha wachezaji wa Horde wachague: kumfuata mzee huyu au kubaki na malkia. Mwaka 2019 Saurfang alimwita Sylvanas kwenye pambano la wawili mbele ya majeshi, akauawa. Lakini katika hasira ya pambano hilo Sylvanas alitamka mbele ya wote kwamba Horde si kitu, kisha akatoweka.

Fikirini, wenzangu. Watu walimtetea kwa ajili ya bendera, kumbe yeye bendera yenyewe hakuijali! Waliomeza dhamiri zao kwa sababu "ni wetu" waliachwa mataani. Mwenye kutetewa kwa kila ovu hana haja tena ya kuwaheshimu wanaomtetea.

Mashabiki wa Alliance wasinichekee hapa, maana zamu yao imefika. Mwaka 2012 mji wa Jaina, uitwao Theramore, uliangamizwa kwa bomu la kichawi na Garrosh, mkuu wa Horde wa wakati huo. Jaina aliponea chupuchupu. Kwa uchungu wake alitaka kuuzamisha kwa maji mji mkuu wa maorki, wenye watoto na wazee wasiohusika, ila akazuiwa. Baadaye, Horde walipoiba kitu kwa kupitia mji wake wa pili, Dalaran, aliwafukuza waelfi wote wa upande ule waliokuwa wakaazi humo. Wengine walitiwa gerezani, wengine waliuawa, na wengi hawakujua lolote juu ya wizi huo.

Ukimuuliza shabiki wa Alliance, atakwambia: "Lakini alikuwa na uchungu, bwana!" Haya. Na Sylvanas je, alikuwa na furaha? Uchungu wa wetu tunauhesabu kwa ratili, uchungu wa wao hatuuoni hata kwa darubini. Kama maumivu ni udhuru, basi yawe udhuru kwa wote. Kama si udhuru, yasiwe kwa yeyote. Na linaloumiza zaidi ni kwamba Jaina huyo huyo, katika hadithi ya mwaka 2003, alikubali kusimama kinyume cha baba yake mzazi aliyekuja kuvunja amani na maorki. Aliwaomba maorki wawaachie askari wa baba yake. Msichana aliyeweza kumhukumu baba yake kwa haki alishindwa baadaye kuwahukumu majirani zake kwa haki. Hasira hasara.

Wapo watakaosema hayo yote ni ya kubuni, yana faida gani? Nami nauliza, Fumo Liyongo je? Tunapobishana darasani kama wa kulaumiwa ni mwana aliyemchoma baba kwa sindano ya shaba, au ni mtawala aliyemhadaa, tunafundishwa kupima. Azeroth ni mizani nyingine tu. Tena ni mizani yenye faida yake, kwa sababu pale hakuna ndugu wa mtu aliyechomwa. Unaweza kukubali kwamba upande wako ulitenda uovu bila kumwogopa jirani, na ukishazoea kulisema huko, ulimi haukwami ukija huku.

Na huku tunakuhitaji. Kiranja wa bweni letu akipunja chai ni mjanja, wa bweni jirani akifanya hivyo ni mwizi. Timu yetu ikicheza rafu ni ukakamavu, yao ni ushenzi. Hayo ni madogo. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika nchi yetu hii, na kila upande ulikuwa na watu walioona majivu ya nyumba zao tu. Vitoto vilivyozaliwa mwaka ule ni rika letu na kaka zetu. Je, sisi tumejifunza kusema "hapa wetu walikosea"?

Kwa hiyo ninatoa pendekezo kwa chama chetu, na mlezi wetu alisikie. Muhula ujao tuwe na mjadala mmoja wa wahusika hawa, kwa Kiswahili, na kanuni zake ziwe tatu. Ya kwanza, atakayemtetea mhusika ataje kwanza ovu moja la upande huo huo anaoutetea. Ya pili, kila hoja iwe na ushahidi kutoka kwenye hadithi. Mashabiki wenyewe wametuonyesha mfano. Katika mkutano wa Blizzard wa Oktoba 2010, kijana mmoja aliyevaa shati jekundu aliwauliza watengenezaji mbona kiongozi fulani wa vijeba, Falstad, hayupo katika baraza la vijeba. Mtengenezaji mmoja akauliza kama huyo hakuwa amekufa. Kijana akamsahihisha palepale. Wapo waliomcheka. Lakini Falstad aliwekwa katika baraza, na kando yake akawekwa kijeba mdogo mwenye shati jekundu, kazi yake kuhakiki mambo. Hayo ndiyo matunda ya kusoma kwa makini! Ya tatu, katikati ya mjadala wasemaji wabadilishane pande. Aliyekuwa akimlaumu Sylvanas amtetee, na aliyekuwa akimtetea Jaina amlaumu. Hapo ndipo tutakapojua nani anapima na nani anavuta ngozi.

Na kwa wenzangu mnaoupenda mchezo huu, vitabu navyo mvisome. Hoja nzuri foleni ya chakula haitakupa alama ikiwa hukumjibu mtahini. Lakini msikubali kuambiwa kwamba mnapoteza muda mnapouliza kama Arthas alikosea. Ulizeni tu, ila mkimaliza kumuuliza Arthas, swali hilo hilo mliulize upande wenu.