Haki ya Kuchoka: Dhidi ya Uhakiki wa Mwanamke "Jasiri"

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumsifu mwanamke kwa namna inayomdhuru. Kwa miaka mingi tasnifu zetu kuhusu usawiri wa mwanamke zimefuata njia moja: mtafiti huorodhesha taswira hasi, yaani kahaba, mshawishi na mke asiye na sauti, huzilaani, kisha humsimika mahali pake mwanamke jasiri, mvumilivu na mchapakazi. Hapo kazi huhesabiwa kuwa imekamilika. Makala haya yanadai kwamba haijakamilika. Taswira hiyo ya pili imeganda sawasawa na ile ya kwanza, ila imepakwa asali.

Tutazame Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Regina hupigwa na Zakaria, mumewe mlevi, naye ndiye anayeubeba mzigo wa familia. Aghalabu wanafunzi wetu humwita mvumilivu, nasi huwapa alama. Neno hilo huonekana kuwa sifa, lakini hutenda madhara mawili. Kwanza, huigeuza dhuluma ya Zakaria ikawa tabia ya Regina. Pili, humfundisha msomaji, wa kike na wa kiume, kwamba thamani ya mke hupimwa kwa wingi wa mapigo anayoweza kuyameza. Rosa naye huhukumiwa kwa mizani hiyo hiyo. Charles anapogundua kwamba si bikira humwacha, naye Rosa hujiua. Charles alikuwa na makapu mawili tu ya kuwatilia wanawake. Rosa alipokosa kuingia katika la kwanza, alitupwa katika la pili. Mhakiki anayeendelea kuyatumia makapu hayo hana haki ya kumshutumu Charles.

Kwa mwanamke mweusi, jambo hili lina historia inayozidi mipaka ya ndoa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia yenye asili ya utumwa, alikejeliwa kwa nasaba yake na kwa sura yake hata alipokuwa amekwisha kuvuma kwa uimbaji. Sauti yake ilirekodiwa Bombay mnamo 1928, lakini wapo walioendelea kumpima kwa kipimo cha uzuri ambacho hakikutungwa kwa ajili ya mwanamke wa asili yake. Siti aliwajibu kwa wimbo: akakikataa kipimo chenyewe, akaitanguliza akili mbele ya sura. Shaaban Robert alimwandikia wasifu unaomtukuza. Hata hivyo, darasani mara nyingi tunaipokea heshima hiyo kama tuzo ya ustahimilivu wake, wala hatuulizi kwa nini binadamu alazimike kuwa gwiji ndipo astahili adabu ya kawaida.

Wenzetu wa Marekani walikwisha kuona hatari hii. Patricia Hill Collins, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha jinsi taswira za mwanamke mweusi, zikiwamo za yaya mtiifu, mwanamke mwenye nguvu za kutawala nyumba na mwanamke wa tamaa, zinavyotumika kumdhibiti. Mfano wa yule wa pili unajulikana. Mwaka 1965 Daniel Patrick Moynihan, akiwa afisa wa serikali, aliandika taarifa iliyouona uongozi wa wanawake katika familia nyingi za Weusi kuwa sehemu ya kiini cha matatizo yao. Nguvu iliyozaliwa na dhiki ikageuzwa kuwa shitaka. Hivyo ndivyo sifa ya ujasiri inavyofanya kazi: leo ni shada la maua, kesho ni hati ya mashtaka. Mwanamume aliyefundishwa kwamba mkewe ni mwamba haoni sababu ya kumwuliza kama ameumia; na siku mwamba unapolia, humwona kuwa amemsaliti.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunahitaji mifano ya wanawake wenye nguvu ili kuifuta ile ya wanyonge. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Kinachomkomboa mhusika ni upana wa utu wake, na nguvu ni sehemu moja tu ya utu. Mhusika mwanamume huruhusiwa kuwa mwoga asubuhi, shujaa mchana na mpumbavu jioni, nasi tukamwita mhusika duara. Mwanamke akifanya hivyo tunasema mwandishi amemdhalilisha.

Kwa hiyo, tunaosimamia na kutahini tasnifu tuache kuridhika na orodha za sifa. Tumdai mtafiti majibu: Nani humpenda mhusika huyu, na kwa gharama gani? Anaweza kukataa bila kuadhibiwa na msuko? Je, ana haki ya kuchoka? Tasnifu isiyoyagusa maswali haya irudishwe kwa mwandishi wake, hata kama kila ukurasa wake umejaa neno ukombozi. Vijana wanaotoka katika madarasa yetu huenda kuoa, kuolewa na kufundisha wengine. Wakiondoka na makapu mawili yale yale, watakuwa wameyachukua kwetu.