Umeme wa jua: chuo kikuu kipime kile kinachouzwa sokoni

Kila mara chuo kikuu cha hapa Congo kinapoitisha mkutano juu ya nishati ya jua, mambo huenda kwa njia ile ile. Waziri au mjumbe wake hufungua, maprofesa huonyesha michoro, na siku ya mwisho husomwa mapendekezo marefu. Umeme ukikatika katikati ya hotuba, jenereta huwashwa, watu hucheka kidogo, hotuba inaendelea.

Mapendekezo hayo si mabaya. Shida ni kwamba hayamfikii mama wa Katuba, mjini Lubumbashi, aliyeweka akiba miezi mingi ili anunue paneli moja na betri yake.

Na watu kama yeye ndio wanaojenga umeme wa jua nchini, nyumba kwa nyumba. Mkongomani mmoja tu kati ya watano hivi ndiye anayepata umeme. Waya za Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1.700, hupita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Sheria ya Juni 2014 ilifungulia makampuni binafsi mlango, na huko Goma kampuni ya Nuru ilianzisha mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1,3. Hayo huzungumzwa sana mikutanoni. Paneli ya sokoni haizungumzwi.

Paneli imeandikwa wati 300. Nani alizipima? Namba hiyo hupatikana kiwandani, paneli ikiwa na joto la digrii 25. Juu ya bati la Lubumbashi inaweza kufika digrii 60, na hapo hata paneli ya kweli hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi. Kama maandishi yenyewe yalidanganya tangu mwanzo, kinachobaki kinachaji simu, friji haiwaki, na anayetukanwa ni fundi.

Kazi ya kupima haihitaji mamilioni ya dola. Inahitaji vipimo vichache, paa, na wanafunzi wa politekniki ambao kila mwaka wanatafuta somo la kazi ya mwisho. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kingenunua paneli kama mteja yeyote, kizipime mwaka mzima, kisha kitangaze matokeo kwa Kiswahili na Kifaransa, majina ya bidhaa yakiwemo. OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, ingekuwa na orodha hiyo mkononi pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Wapo watakaosema kwamba bidhaa hafifu ndiyo pekee ambayo maskini anaiweza, na ukaguzi utapandisha bei. Ni neno la kweli, halifai kudharauliwa. Kwa hiyo serikali isianze kwa kupiga marufuku. Ianze kwa kupunguza ushuru wa zile zilizopita kipimo, ili iliyo nzuri ikaribiane bei na ile ya uongo. Anayenunua mara mbili kwa miaka miwili hakununua rahisi.

Mkutano ujao wawaalike mafundi wa soko, na wasiwekwe viti vya nyuma. Wao wanajua ni betri zipi wateja hurudisha baada ya miezi sita, na hakuna mchoro wa profesa ulio na habari hiyo.