Mgeni Rasmi Siyo Mzungumzaji! Kamati za Moro, Acheni Ujanja

Kuna staa mmoja wa Dar, jina kapuni, aliitwa Moro kuongea na wanachuo. Mwaliko ulikuwa mtamu: "Dada, karibu uwe mgeni wetu, utatoa neno kidogo, mengine tutaelewana hukuhuku." Akapanda SGR, akashuka, akaongea masaa mawili, ukumbi shangwe tupu. Mwisho akapewa bahasha. Ndani elfu hamsini, juu imeandikwa "nauli".

Alipolalamika, watu mitandaoni wakamshukia eti ana tamaa. Tamaa gani? Treni hiyo ilipoanza Juni 2024, daraja la kawaida Dar–Moro lilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi 26,000. Kwa hesabu hiyo amebaki na 24,000, na hapo bodaboda na chakula bado.

Ujanja wote uko kwenye hilo neno "mgeni". Mgeni rasmi ni mtu wa cheo au mwenye nazo. Anakaa meza kuu, anasomewa risala, na kila Mtanzania anajua risala inaishia wapi: anaombwa achangie. Yaani yeye ndo anatoa hela! Mzungumzaji mwalikwa ni mwingine kabisa. Kaandaa mada, kaacha kazi zake, analipwa. Ukimwita huyu kwa jina la yule, umeshafuta deni kabla hajafika.

Na "tutaelewana" ndo mbaya zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Sasa "tutaelewana" utaidai wapi? "Asante kidogo" nayo haina kiwango. Posho je? Hiyo ni ya wanaohudhuria kikao, siyo bei ya kazi.

Kamati zitasema wanachuo hawana hela. Mbona MC kachukua advansi mapema? Mbona mapambo na muziki vimelipwa? Kama ni kujitolea, andikeni "kujitolea", mtu aamue mwenyewe.

Mastaa nao wasijifanye malaika. Wapo wanaokula advansi, halafu siku yenyewe wanatuma meseji ya "dharura" huku wamepost wako beach Zanzibar. Hao warudishe hela, basi.

Meseji moja ya WhatsApp inatosha: tarehe, mada, dakika ngapi, malipo kiasi gani, nusu inatangulia lini, nauli na malazi juu ya nani. Akitaja bei msiyoiweza, mwacheni, tafuteni mwingine. SUA na Mzumbe wataalamu wapo. Huko Kinole, kwenye milima ya Uluguru, wapo akina mama wanaolima mdalasini na pilipili manga, ambao wangewafundisha biashara kuliko staa yeyote wa Instagram.

Na wao muwalipe.