Akili mnemba iingie karakana, isiishie chumba cha kompyuta

Na Hamisi Mndeme

Vikao vya kuzungumzia akili mnemba katika vyuo vya ufundi huwa na mazoea ya kuishia palepale: kompyuta ziletwe, chumba kitafutwe, kiyoyozi kifungwe, na mlangoni kufuli. Mwanafunzi wa magari atapangiwa vipindi vyake vya kuandika barua na kuchora majedwali, kisha atarudi karakanani kama alivyotoka. Kazi yake iko kwenye boneti, sisi tunampelekea chombo chumbani.

Twende gereji. Toyota IST imeingia, taa ya injini inawaka, gari linatetemeka hata likiwa limesimama. Kijana anachomeka kifaa cha kusomea hitilafu, simu inamwonyesha msimbo P0171. Anaiuliza programu ya akili mnemba kwa Kiswahili na inamjibu vizuri tu: mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo. Inamtajia na washukiwa: mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka. Ukiibana, itaongeza na sensa ya oksijeni.

Hapo ndipo fundi na mwenye simu wanapoachana. Mwenye simu anamtuma mteja kwenye maduka ya vipuri Ilala akanunue sensa. Fundi anainama kwanza, anasikiliza kama kuna mluzi, anapitisha mkono kwenye mipira mmoja baada ya mwingine, anapima presha ya mafuta, ndipo anafungua mdomo. Orodha ya washukiwa siku hizi inapatikana bure. Mteja analipia kujua uanze na yupi, na hilo halifundishwi kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Upande wa umeme mambo ni mazito zaidi. Programu hizi zimesoma sana maandishi ya Marekani, ambako soketi ya kawaida ya nyumbani ni volti 120. Kwetu Tanzania ni 230. Hita ya wati 3,000 kwetu inavuta ampea 13 hivi; kwa volti 120 ingevuta 25. Mwanafunzi akipewa hesabu ya kule na kuimeza, atafunga breka ya ampea 30 juu ya waya wa milimita za mraba 2.5, na siku mzigo ukizidi waya utapata moto breka ikiwa imetulia tu. Kugawa wati kwa volti ni somo la zamani kabisa, na ndilo litakalompa ubavu wa kuikatalia mashine.

Simu yenyewe si ngeni kwenye ufundi. Mwaka 2016 VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walileta VSOMO: nadharia unasoma kwenye simu, vitendo unakwenda chuoni. Mgawanyo huo ulifaa wakati simu ilikuwa kitabu. Sasa inajibu maswali, tena kwa kujiamini hata inapokosea, kwa hiyo iwekwe kwenye meza ya vitendo, pembeni ya multimita, mwalimu akiwa amesimama hapo.

Na mwalimu tusimsahau. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imefungua mkondo wa amali sekondari, na mkondo huo unahitaji walimu wa ufundi wa leo. Wapo walimu wa ufundi waliofunzwa kwa injini za kabureta (na kwa kabureta huwawezi!). Wapelekwe gereji zinazopima magari kwa kompyuta, wakae wiki kadhaa wakishika kazi. Semina ya hotelini haitawafaa.

Kisha tubadili mtihani. Mtahiniwa apewe gari lenye hitilafu, vipimo na simu. Aiulize simu atakavyo, lakini alama apate kwa kumweleza msimamizi jibu lipi alilikataa na kipimo gani kilimfanya alikatae. Chuo kitasema hakina fungu la bando. Vijiti vya kuchomelea vina fungu lake kila muhula, na bando liandikwe mstari unaofuata.