Nafasi ya Uuguzi Haiuzwi: Omba Mwenyewe



Ndugu yangu, dada yangu, hasa wewe uliye Kapsoit na huku kwetu kwenye majani chai, kutoka Kericho mpaka Bomet: kama una alama ya C ya KCSE na moyo wa kuhudumia wagonjwa, haya maneno ni yako. Soma hadi mwisho, kisha msomee na mzazi, maana mara nyingi mzazi ndiye anayelipa, na ndiye anayedanganywa.

Nafasi za KMTC zikitangazwa, hakosi mtu wa kupita nyumbani akisema ana koneksheni. Ati anajua mkubwa fulani ndani, ati nafasi zimebaki chache, ati tuma pesa leo jioni jina lisipite. Familia inatoa bonasi yote ya chai, ama inauza ng'ombe. Siku ya kuripoti ikifika, simu ya yule mtu imezimwa. Na kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi kijana mwenyewe alikuwa amefikisha alama. Amenunua kitu ambacho alikuwa na haki ya kukiomba.

Msimamo wetu ni mmoja: nafasi ya chuo cha umma ni haki ya anayestahili, si hisani ya dalali. Lakini haki haikufuati nyumbani. Inaombwa kwa makaratasi, kwa wakati wake, na inafuatiliwa.

Tuanze na alama. Diploma ya uuguzi wa afya ya jamii, ile inayoitwa KRCHN, inataka C ya jumla. Ndani yake uwe na C ya Kiingereza ama Kiswahili, C ya Bayolojia, na C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Ni miaka mitatu, na ukimaliza unakuwa umesomea uuguzi wa kawaida, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja. Mwenye C- ya jumla asikate tamaa. Kuna kozi ya cheti, na kutoka pale watu hupanda hadi diploma. Toa slipu yako uangalie somo kwa somo kabla mtu hajakuambia kwamba hutoshi.

Kuomba KMTC siku hizi ni kupitia mtandao wa KUCCPS. Unaingia kwa namba yako ya mtihani wa KCSE, unachagua kozi na kampasi, unalipa ada kupitia eCitizen, na namba ya malipo ni 222222. Shika hilo: pesa za serikali haziendi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Huna haja ya kusafiri hadi Nairobi. Saiba yoyote yenye intaneti inatosha, lakini keti hapo mwenyewe, weka namba yako mwenyewe ya simu, na neno la siri ulijue wewe. Wako walioachia kila kitu mwenye saiba, na barua ya kuitwa ikatoka bila wao kujua.

KMTC ilianza mwaka 1927 na leo ina kampasi nchi nzima. Huku kwetu iko Kapkatet, na iko Bomet. Lakini usifunge macho kwa kampasi moja tu. Ukipangiwa Garissa ama Homa Bay, diploma ni ile ile na leseni ni ile ile. Pia hospitali za kanisa zina vyuo vya wauguzi karibu nasi: Litein, Kaplong na Tenwek. Fuatilia matangazo yao chuoni kwenyewe.

Kuna na vyuo vingine, vile vya ghorofa ya juu ya duka, bango kubwa na ahadi kubwa. Hapo uliza swali moja tu: je, chuo hiki kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya kufundisha kozi hii? Baraza linatoa orodha kwenye tovuti yake. Mwanafunzi wa uuguzi lazima aandikishwe na Baraza na kupewa namba ya indeksi. Bila hiyo hafanyi mtihani wa Baraza, na bila mtihani hakuna leseni. Unaweza kusoma miaka mitatu, ukalipa kila shilingi, ukavaa hadi joho, na hospitali isikuajiri. Kwa hivyo orodha kwanza, ada baadaye.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo vijana wetu wengi huanguka. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Fatma, kwenye KCSE ni Fatuma, kwenye kitambulisho ni Fatuma na jina la babu limeongezwa. Mohamed, Muhammad, Mohammed. Kwetu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu watatu. Lisawazishe mapema, kwa hati ya kiapo ama kwa kurekebisha cheti chenyewe, usingoje wiki ya kuripoti.

Na wako ambao hata kitambulisho chenyewe ni vita. Ndugu zetu Wanubi wanalijua hili kuliko yeyote. Mwaka 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia na kuandikishwa. Kwa hivyo mambo ya kitambulisho si udhaifu wako, na si jambo la kuonea haya. Lakini anza sasa. Bila kitambulisho huwezi kuomba mkopo wa HELB, na kufungua akaunti ya benki kunakuwa shida. Ukizungushwa ofisini, andika tarehe, omba jibu kwa maandishi, na utuletee hiyo karatasi.

Ada je? Hapa tuseme ukweli. Wanafunzi wa KMTC wanaweza kuomba HELB, na mkopo huo una riba. Wengi wenu mnasita kwa sababu hiyo, na kusita huko tunakuheshimu. Muulize sheikh unayemwamini kuhusu hali yako, usiulize mitandaoni. Lakini kabla ya kufika huko, je, umegonga milango isiyo na riba? Basari ya NG-CDF ya eneo bunge lako. Basari ya kaunti. Hizi hutolewa kwa fomu, na fomu hazijui wewe ni nani mpaka uzijaze. Kamati za misikiti nanyi sikieni: tunachanga kwa haraka mtu akifa, na ni vizuri. Tuchange pia kijana akiitwa chuo. Yatima aliyepata nafasi ya uuguzi akaikosa kwa ada ya muhula wa kwanza ni aibu yetu sote, si yake.

Kisha kuna swali ambalo dada zetu hutuuliza kimya kimya: na hijabu yangu?

Katiba iko wazi. Kifungu cha 32 kinasema mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi ama huduma kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kinataja dini na mavazi kwa majina. Lakini tusidanganyane kwamba mambo yote yamekwisha mahakamani. Katika kesi ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 iliunga mkono hijabu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiweka kando hukumu hiyo kwa sababu ya namna dai lilivyowasilishwa. Haikusema hijabu ni kosa. Kwa hivyo usingoje kuzuiwa getini. Ukipata barua ya kuitwa, andikia chuo kwa upole: uliza sare ikoje, na hijabu fupi ya rangi ya sare inaruhusiwa vipi wodini. Weka nakala ya jibu. Barua ya mapema huzuia ugomvi mwingi.

Na uwe tayari kuelewa upande wa pili. Wodini mikono huachwa wazi chini ya kiwiko ili inawe vizuri, maana ukingo wa nguo hubeba viini kutoka kitanda hadi kitanda. Hilo halikuwekwa kuwaudhi Waislamu. Uingereza walikutana na swali hili hili, na mwaka 2010 Wizara ya Afya yao ikatoa mwongozo unaoruhusu mikono ya kuvaa na kutupwa baada ya kumhudumia mgonjwa. Suluhisho lipo watu wakizungumza. Wewe unayetawadha mara tano kwa siku, kunawa hadi kiwiko si kigeni kwako.

Ukianza, utashangaa. Muhula wa kwanza ni anatomia na fiziolojia, majina ya mifupa mpaka usiku. Kisha wodi, zamu za usiku, mtu wa kwanza kufa ukiwa umemshika mkono. Usikimbie. Tafuta wenzako wa kusoma nao, wawe wa dini yoyote.

Wavulana nao wasikilize. Uuguzi si kazi ya wanawake peke yao. Mzee wa miaka 80 anayehitaji kuoshwa angefurahi kumpata kijana wa kiume anayemsalimu kwa Kikipsigis na kumsitiri.

Na asikuambie mtu kwamba kazi hii si ya kwetu. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Rufaida al-Aslamiya alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume (SAW), akitibu majeruhi. Hema la wagonjwa, ndani ya msikiti. Sisi tumepotelea wapi hata wodini hatuonekani?

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo matatu. Toa slipu yako uhesabu alama. Weka cheti cha kuzaliwa, KCSE na kitambulisho pamoja, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Fungua tovuti ya KUCCPS uone tarehe za maombi. Dalali akipiga simu, mwambie asante, nimeshaomba mwenyewe.

Na ukimjua kijana wa Kapsoit mwenye C aliyekaa nyumbani akidhani mlango umefungwa, mtumie ujumbe huu leo. Mkwame popote, tuandikieni. Tutakaa na nyinyi tujaze hiyo fomu.